Maikrofoni Iliwekwa Wapi?

Watu wengi husadiki kwamba santuri haisemi uwongo. Mwandishi huweza kusahau, msimulizi huweza kutia chumvi, na mpiga picha huweza kumwacha nje ya picha mtu asiyempenda. Lakini chombo cha kunasia sauti, husema watu hao, hupokea kile kilichopigwa, hakiongezi wala hakipunguzi. Imani hii ina sehemu ya kweli, na kwa sababu hiyo ni vigumu kuing'oa. Chombo chenyewe hakina upendeleo. Lakini chombo hakiendi mahali kwa miguu yake. Huwekwa, na anayekiweka ni mtu mwenye haraka zake, mwenye tajiri anayemngoja, na mwenye fikira zake juu ya lipi ni muziki na lipi ni kelele.

Mwanafunzi wa historia hufundishwa kuiuliza kila hati maswali matatu: nani aliiandika, aliiandika lini, na aliiandika kwa ajili ya nani. Santuri nayo ni hati. Kwake hapana budi kuongeza swali la nne, nalo ni hili: maikrofoni iliwekwa wapi? Swali hili huonekana kuwa la mafundi tu. Nitajaribu kuonyesha kwamba ndilo lililoamua ni ala zipi za watu waliotutangulia zimetufikia, na ni zipi zilizopigwa mchana kutwa mbele ya mashahidi lakini leo masikio yetu hayazipati.

Tuanze na ala yenyewe. Mtazame mpiga nyatiti wa nchi ya Wajaluo. Ameketi juu ya kigoda kifupi, na nyatiti imeegemea chini karibu na ardhi. Vidole vyake vyacheza juu ya nyuzi nane. Kidole gumba cha mguu kimevikwa pete ya chuma, nayo pete yagonga ubao wa ala kwa kufuata mapigo. Mguuni amefunga njuga, na kinywa chake chaimba sifa za watu na za marehemu. Mtu mmoja atoa sauti nne, kila moja kutoka mahali pake. Kati ya kinywa na pete ya chuma pana karibu mita nzima. Msikilizaji aliyeketi hatua tano mbele yake hupata zote zikiwa zimechanganyika, kama vile mlaji apatavyo chumvi, nazi na samaki katika tonge moja.

Sasa weka maikrofoni mbele ya kinywa chake. Maneno yatakuja wazi, silabi kwa silabi, na nyuzi zitasikika kana kwamba zapigwa katika chumba cha pili. Iteremshe hadi penye ngozi ya ala, nazo nyuzi zitajaa na kuwa nzito, na maneno yatazama. Isogeze mguuni, na msikilizaji wa ng'ambo atadhani nyatiti ni ala ya kugonga. Hakuna hata moja kati ya santuri hizo tatu iliyoongopa. Hata hivyo, mgeni akiipata moja tu, atakuwa amejifunza theluthi ya jambo.

Sababu zake si ngumu. Sauti ni mtetemo wa hewa, nao hutawanyika kadiri unavyosafiri. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya sauti inayokufikia hubaki robo tu. Kwa sababu hiyo shubiri moja karibu na ala ina uzito mkubwa kuliko hatua mbili mwisho wa chumba. Tena ala haitoi sauti ileile kila upande. Tarumbeta hurusha sauti zake nyembamba mbele moja kwa moja, kama taa ya gari itupavyo mwanga. Mtu aliyeketi ubavuni hupata sauti butu. Filimbi, kinyume cha wengi wanavyodhani, haitoi sauti yake mwishoni tu, bali hutoa nyingi penye tundu la mdomo na penye matundu ya vidole. Gitaa lina tundu tumboni, na hewa iliyomo ndani hutetema takriban mara 100 kwa sekunde. Ukiielekeza maikrofoni kwenye tundu hilo kwa karibu, utapata mvumo mwingi kuliko nyuzi. Ukiisogeza hadi pale shingo inapoungana na mwili, vidole vitaanza kusikika. Na kama pana kuta, hizo nazo hurudisha sauti, hata maikrofoni iliyo mbali ikanasa chumba zaidi ya ala. Mwanafunzi atakaye kulithibitisha hili hahitaji mtambo wowote. Azibe sikio moja, kisha alizungushe jingine polepole karibu na gitaa linapopigwa na mwenzake, hapo tunduni, hapo shingoni, hapo nyuma ya ubao. Atashangaa ni magitaa mangapi yamo katika gitaa moja.

Thomas Edison wa Marekani alipounda chombo cha kwanza cha kunasa na kurudisha sauti, mwaka 1877, hakukuwa na maikrofoni ndani yake wala umeme wa aina yoyote. Kwa muda wa miaka karibu hamsini iliyofuata, kazi yote ilitegemea pembe ya bati. Mpigaji alipiga mbele ya mdomo wa pembe. Hewa ilisukuma kiwambo chembamba kilichokuwa mwisho wake. Kiwambo kilitikisa sindano. Sindano ikachora mfereji katika nta. Nguvu iliyochora nta ilikuwa ni nguvu ya mapafu na mikono ya wapigaji wenyewe, wala hapakuwa na kitu cha kuiongeza. Fundi wa siku zile hakuwa na kitasa cha kuzungusha. Chombo chake cha pekee kilikuwa miguu ya watu: alimwambia huyu asogee, yule arudi nyuma, yule mwingine apande juu ya kijukwaa. Mwimbaji aliyefika kwenye sauti ya juu alipaswa kurudi nyuma upesi, la sivyo sindano ingeharibu mfereji. Na aliposhuka kwenye sauti ya chini, alikaribia hata uso wake ukawa kinywani mwa pembe. Waimbaji wengine walishikwa mabega na kuvutwa na kusukumwa kama watoto wafundishwao kucheza ngoma.

Pembe ile ilikuwa na masikio mabovu. Ilipokea sauti zenye mitetemo takriban 200 hadi 2,000 kwa sekunde, na zilizo nje ya hapo zikapotea nyingi. Uzi wa chini kabisa wa fidla ile kubwa ya kusimama, iitwayo besi, hutetema kiasi cha mara 41 kwa sekunde. Basi besi ikaondolewa vyumbani humo, na badala yake likaletwa baragumu kubwa la shaba. Fidla ya kawaida nayo ilikuwa dhaifu mno mbele ya pembe, na hapo fundi mmoja wa London, Augustus Stroh, akaomba hati ya ubunifu mwaka 1899 kwa fidla isiyo na tumbo la mbao. Penye tumbo alitia kiwambo na pembe ya bati, ili sauti ielekezwe mahali pamoja. Hebu lifikirie jambo hili. Wanadamu walikuwa wametengeneza fidla ya mbao kwa karne kadha wa kadha, wakichagua miti na kupima unene wa ubao. Na chombo kilichosemekana kuwa shahidi mwaminifu kikaitaka fidla ibadilishwe ndipo kikubali kuishuhudia.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni ule wa Richmond, mji mdogo wa jimbo la Indiana nchini Marekani. Mwezi wa Aprili mwaka 1923 lilifika huko kundi la Joe Oliver, aliyeitwa King Oliver, kutoka Chicago. Walikuwa Wamarekani weusi, wengi wao wakiwa wamekulia katika mji wa New Orleans na viunga vyake, nao walikuwa mabingwa wa muziki wa jazi ulipokuwa bado mchanga. Kampuni ya Gennett ilikuwa na chumba chake cha kunasia sauti kando ya njia ya reli, hata kazi ikalazimika kusimama gari-moshi lilipopita. Ndani ya chumba hicho watu saba walipangwa mbele ya pembe. Miongoni mwao alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, Louis Armstrong, mpiga koneti wa pili. Waliokuwapo walisimulia baadaye kwamba pumzi zake zilikuwa na nguvu mno, hata akapelekwa kusimama peke yake mbali nyuma ya wenzake. Mke wake wa baadaye, Lil Hardin, aliyekuwa akipiga piano, alikumbuka jinsi alivyoonekana mwenye huzuni kule pembeni.

Armstrong aliponea kwa kuwa sauti yake ilipenya hata kutoka kule. Wenzake wawili hawakuwa na bahati hiyo. Mpiga ngoma, Baby Dodds, hakuweza kutumia ngoma yake kubwa, kwa kuwa kishindo chake kingeirusha sindano nje ya mfereji. Akagonga vipande vya mbao. Na Bill Johnson, aliyejulikana kwa kupiga besi, anasikika katika santuri hizo akipiga banjo. Banjo lina ngozi kama ngoma na sauti kali ya katikati, na pembe ililipenda. Watu wa Ulaya na Marekani walionunua santuri hizo, ambao hawakupata kuingia katika kumbi za dansi za Chicago, walijifunza jazi kutoka kwazo. Walisikia muziki usio na ngoma kubwa na usio na besi, uliojaa banjo na vijiti. Tena katika miaka ya 1940, vijana waliotaka kuufufua muziki wa zamani kama ulivyokuwa, wengine wao walitia banjo na baragumu la shaba na vipande vya mbao kwa uangalifu mkubwa. Walikuwa wakiiga udhaifu wa pembe ya bati, wakidhani kuwa wanawaiga wazee wa New Orleans.

Pembe ilipoteza cheo chake mwaka 1925. Mhandisi E. C. Wente alikuwa ametengeneza mwaka 1916 maikrofoni iliyoweza kugeuza mtetemo wa hewa kuwa umeme kwa uaminifu usiopata kuonekana kabla yake, na wahandisi wa kampuni ya Western Electric wakaunganisha maikrofoni, kikuza umeme na sindano kuwa mtambo mmoja. Makampuni makubwa ya santuri ya Marekani, Victor na Columbia, yaliuchukua. Sasa sauti za mitetemo 100 hadi 5,000 kwa sekunde, na hata kupita hapo, ziliingia katika nta, na nguvu haikuombwa tena kutoka kwa mapafu. Mtu aliweza kuimba polepole. Gitaa, ambalo pembe ililidharau, likapata nafasi.

Faida ya mabadiliko haya ilionekana upesi katika mji wa Bristol, mpakani mwa majimbo ya Tennessee na Virginia. Mwezi wa Julai mwaka 1927, watu wa kampuni ya Victor waliweka mitambo yao katika jengo lililokuwa la wafanya biashara ya kofia, wakatundika mablanketi ili kuta zisirudishe sauti. Tarehe 4 ya mwezi wa Agosti alisimama mbele ya maikrofoni kijana aliyekuwa mfanyakazi wa reli, Jimmie Rodgers. Alikuwa na gitaa lake na sauti yake tu. Miaka mitatu nyuma, mtu wa namna hiyo angeambiwa apige kelele au aende zake. Santuri za Rodgers zilienea duniani, nazo zilifika hata Afrika ya Mashariki katika masanduku ya gramafoni. Msomaji alishike jina hili, maana tutakutana nalo tena mahali asipopatarajia.

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, alivuka bahari hadi Bombay pamoja na wapigaji wake, wakanaswa na kampuni ya Gramophone kwa ajili ya santuri zenye alama ya mbwa na gramafoni. Umeme ulikuwa umekwisha kufika, na uimbaji wa Kiswahili pamoja na udi na fidla vikaingia katika santuri bila fidla kuvuliwa mbao zake.

Umeme, hata hivyo, haukulifuta swali letu. Uliliongeza uzito, kwa kuwa sasa maikrofoni iliweza kuwekwa popote. Katika nchi zenye okestra kubwa mafundi waligawanyika. Alan Blumlein wa Uingereza aliomba hati ya ubunifu mwezi wa Desemba mwaka 1931 kwa njia ya kutumia maikrofoni mbili mahali pamoja, kila moja ikitazama upande wake, ili msikilizaji ajue fidla ziko kushoto na besi ziko kulia. Mwezi wa Januari mwaka 1934 aliijaribu katika jengo la Abbey Road huko London, okestra ikifanya mazoezi chini ya Thomas Beecham. Alifariki mwaka 1942 katika ajali ya ndege ya majaribio ya rada, na santuri za namna hiyo hazikuenea madukani hata ulipofika mwaka 1958. Mmarekani Robert Fine, naye, aliitundika maikrofoni moja tu juu ya okestra ya Chicago mwezi wa Aprili mwaka 1951, kiasi cha mita saba na nusu kutoka jukwaa la kiongozi, wala hakuigusa tena. Aliona kwamba kazi ya kupatanisha ala ni ya kiongozi wa okestra, si ya fundi. Mimi nauheshimu uamuzi huo. Lakini ulifaa kwa sababu chumba kilikuwa kimejengwa kwa ajili ya muziki, na wapigaji walikuwa wamekwisha kupangwa na desturi ya miaka mingi, wenye sauti ndogo mbele na wenye sauti kubwa nyuma. Je, penye uwanja wa vumbi, na wachezaji wanaozunguka, na watoto, na mbuzi?

Swali hilo lilimkabili Hugh Tracey. Alizaliwa Uingereza mwaka 1903, akaenda angali kijana Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe, na huko akaanza kuzipenda nyimbo za watu aliofanya kazi nao shambani. Mwaka 1950 na mwaka 1952 alisafiri kwa malori katika Afrika ya Mashariki na Kongo, akinasa muziki wa makabila mengi. Mtambo wake wa kufua umeme uliwekwa mbali, mwisho wa waya mrefu, ili ngurumo yake isiingie katika kazi. Tena alikuwa na desturi iliyomtofautisha na wengi: hakuiacha maikrofoni juu ya kinara. Aliishika mkononi mwake. Mwimbaji alipoanza, aliielekeza kwake. Kinanda kilipopata zamu, aliishusha. Waitikiaji walipopokea, aliwageukia. Alishikilia kwamba kunasa sauti ni kazi ya kuchagua, na kwamba maikrofoni isiyochagua hurudisha ghasia, kwa kuwa haina macho ya kuisaidia kama alivyo nayo mtu aliyehudhuria.

Hoja yake yastahili kufikiriwa kabla ya kuhukumiwa. Mtu anapokuwa ngomani, akili yake hufanya kazi kubwa asiyoijua: humtazama mwimbaji, na kwa kumtazama humsikia zaidi, hata kama ngoma ziko karibu naye. Maikrofoni moja haina fadhila hiyo. Kwake ngoma iliyo hatua mbili humfunika mwimbaji aliye hatua sita, na jambo limekwisha. Tracey aliitia maikrofoni macho yake mwenyewe. Twaweza kuona alichokipata kwa kufikiri juu ya Mwenda wa Bayeke, aliyenaswa naye mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao sasa waitwa Likasi. Mwenda aliimba kwa Kiswahili na lugha nyingine za Katanga, akipiga gitaa kwa vidole, na kinywa cha mtu na gitaa lake viko mbalimbali karibu kwa mkono mzima. Maikrofoni ikipanda kidogo, maneno yashinda. Ikishuka kidogo, vidole vyashinda. Katika santuri ya Masanga kila kidole chasikika, na vijana wa Nairobi waliotaka kujifunza mtindo huo walikuwa na kitu cha kuiga. Laiti maikrofoni ingewekwa mbali, mwisho wa chumba, wangalisikia mvumo mzuri wa gitaa wasiweze kuufuata.

Lakini kila kuchagua ni kuacha. Aliyeishika maikrofoni alikuwa mgeni, na kampuni ya santuri ya Afrika ya Kusini ilikuwa nyuma yake. Upande mmoja wa santuri ya siku zile ulichukua dakika tatu tu au zaidi kidogo. Ngoma ya usiku kucha ilipaswa kuingia humo. Mpigaji na mwimbaji mkuu waliingia. Vigelegele, vishindo vya miguu, njuga za wachezaji, na sauti ya mzee anayemchochea mwimbaji kwa utani, hivyo mara nyingi vilibaki ukingoni. Mgeni huona kuwa hivyo ni pambo la muziki. Mwenyeji wa sehemu nyingi za nchi yetu atakuambia kwamba njuga ni ala kamili, na mchezaji ni mpigaji anayepiga kwa miguu. Mimi sidhani Tracey alidharau wachezaji. Maandishi yake yaonyesha mtu mwenye mapenzi makubwa. Ila mapenzi hayaongezi idadi ya maikrofoni.

Tena wakati mwingine alichokinasa ndicho kilichobaki. Katika jumba la Kabaka huko Mengo palikuwa na entenga, ngoma 15 zilizopigwa na watu sita: 12 zilipangwa kwa sauti zake kama vibao vya marimba na kupigwa na watu wanne, na tatu zilipigwa na wawili waliobaki. Tracey alizinasa katika safari zake za Uganda. Mwezi wa Mei mwaka 1966 jumba lilishambuliwa na jeshi la serikali, na wapigaji wa Kabaka wakatawanyika. Waliotaka kujifunza entenga baada ya hapo walipaswa kutafuta wazee wachache waliokumbuka, na santuri zile. Hebu fikiri maana yake kwa ngoma iliyo mwisho wa safu. Kama mkono wenye maikrofoni ulikuwa upande wa ngoma ndogo, ile kubwa ya mwisho imebaki kuwa mnong'ono. Na hakuna awezaye kurudi Mengo ya wakati ule akamwomba mpigaji arudie.

Mwaka 1950, katika safari yake ya Kenya, Tracey alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Huko alinasa wimbo wa wasichana, ukiongozwa na Chemutoi Ketienya, ukiandamana na kinanda cha nyuzi cha ukoo mmoja na nyatiti na litungu. Jina la wimbo ni Chemirocha. Ni jina la Jimmie Rodgers, yule kijana wa reli wa Bristol, lililogeuzwa likawa la Kikipsigis! Watu walikuwa wamesikia sauti yake katika gramafoni, mtu aliyeimba karibu na sikio lao bila kuonekana, na hadithi ikazuka kwamba huenda ni nusu mtu na nusu mnyama wa porini. Wala si ajabu. Sauti ya mtu aliyesimama mbele kabisa ya maikrofoni katika chumba kilichotundikwa mablanketi haina mwangwi, haina mahali. Haitoki upande wowote. Katika maisha ya kawaida mtu huisikia sauti ya namna hiyo anaponong'onezwa tu. Kwa muda wa miaka ishirini na mitatu maikrofoni ya Bristol ilikuwa imesafiri mpaka Kapkatet, na sasa maikrofoni nyingine ilikuwa imeletwa kunasa jibu.

Usikilizapo Chemirocha utaona kwamba wasichana wako karibu, hata pumzi zao huonekana kukugusa, na nyuzi zinatembea chini yao kwa utulivu. Ni jambo la kupendeza mno. Katikati ya miaka ya 2010 nakala za santuri hizo zilirudishwa kwa Wakipsigis, na wazee waliokuwa vijana siku ile wakazisikiliza.

Siku hizi karibu kila nyumba ina simu yenye maikrofoni, na mwanafunzi aliyepewa kazi ya kunasa wimbo wa nyanya yake au wa mpiga orutu wa jirani ana uwezo ambao Tracey alihitaji malori kuubeba. Simu ikilazwa juu ya meza itanasa mitetemo ya meza. Ikishikwa karibu sana na kinywa itanasa pumzi. Penye wapigaji wawili na simu mbili, yafaa simu hizo ziachane mara tatu ya umbali wa kila moja kutoka kwa mpigaji wake, ili sauti moja isifike kwa nyakati mbili na kujidhoofisha zinapounganishwa. Na katika daftari, pamoja na jina la mwimbaji, kijiji na tarehe, iandikwe mistari miwili zaidi: simu ilikuwa hatua ngapi kutoka kwa ala, ikielekea wapi, na ni akina nani waliokuwa wakipiga, wakicheza au wakiitikia nyuma yake. Mistari hiyo miwili haikuandikwa Richmond mwaka 1923, na ilichukua miaka mingi kumrudishia Bill Johnson besi yake.